Maji ya Kusafishia Damu Hayafanani

Mgonjwa aliyeshindwa figo anapounganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa saa 4, lita zipatazo 120 za maji maalumu hupita kando ya damu yake, zikitengwa nayo na kuta nyembamba za nyuzi zilizomo kwenye kichujio. Maji hayo hayasuuzi tu. Chumvi iliyozidi upande wa damu huhamia kwenye maji, na iliyozidi kwenye maji huingia katika damu. Ndiyo sababu vipimo vya mchanganyiko ni suala la uhai.

Tuchukue potasiamu. Figo zikikoma kufanya kazi hujaa mwilini, na ikizidi mno husimamisha moyo. Mara nyingi maji ya mashine huwekwa potasiamu ya milimoli 2 au 3 kwa lita, ili ziada itoke. Ikishushwa kwa pupa, mapigo ya moyo huvurugika vilevile. Kwa hiyo daktari husoma kwanza majibu ya damu.

Tofauti nyingine ni kinachopunguza asidi. Mwili wenyewe hutumia bikaboneti, lakini ikichanganywa mapema na kalsiamu na magnesi hufanya chembe ngumu, kama ukoko mweupe wa ndani ya birika. Katika miaka ya 1960, madaktari wa Seattle, Marekani, walikwepa kikwazo hicho kwa asetati, ambayo mwili huigeuza kuwa bikaboneti. Kazi ikawa rahisi, huduma ikaenea.

Baadaye mashine zikaongezwa kasi, na asetati ikawa inaingia haraka kuliko mwili unavyoweza kuigeuza. Wagonjwa walipata kichefuchefu, kuumwa kichwa na presha kushuka. Kuanzia miaka ya 1980 bikaboneti ilirudi kwa wingi. Safari hii hukaa peke yake, mbali na mchanganyiko wenye asidi na madini, na mashine huviunganisha wakati huohuo wa matumizi.

Wanaosafishwa kwa njia ya tumbo hutumia maji ya namna nyingine. Mtu mzima huingiziwa lita 2 hivi kwa mrija, hukaa nayo saa kadhaa, kisha huyatoa. Hapa glukosi ndiyo inayovuta maji ya ziada mwilini, na mifuko huwa ya asilimia 1.5, 2.5 au 4.25. Mfuko mkali huvuta zaidi, ila huingiza sukari nyingi, jambo zito kwa mwenye kisukari, na miaka ikienda huchakaza utando wa tumbo.

Kwa kukaa nayo usiku kucha ipo ikodekstrini, inayotokana na wanga wa mahindi na kuendelea kuvuta maji kwa saa 12 au zaidi. Ina hatari moja: baadhi ya vipimo vya sukari vya kidoleni huisoma kama glukosi, vikaonyesha sukari iko juu ilhali imeshuka. Anayeitumia amweleze kila mhudumu anayempima, kabla hajachomwa insulini isiyohitajika.