Video Hufundisha Jicho, Mkono Hudai Zamu Yake

Mwaka 1912, mafundi wa kiwanda cha New England Butt mjini Providence, Marekani, walianza kuunganisha mashine za kusukia kamba huku wakipigwa filamu. Ndani ya picha iliwekwa saa iliyohesabu vipande vidogo vya dakika. Aliyeileta kamera ni Frank Gilbreth, mwashi wa zamani, akishirikiana na mkewe Lillian, mtaalamu wa saikolojia. Baadaye walifunga taa ndogo kwenye vidole vya wafanyakazi, wakapiga picha huku lenzi ikiwa wazi kwa muda, kisha wakapinda nyaya kufuata mstari wa mwanga uliobaki kwenye picha. Mwanagenzi akaweza kuona safari nzima ya mkono wa fundi hodari.

Wazo lao lilikuwa na mashiko. Karatasi ya maelekezo inaweza kusema "kaza nati", lakini haionyeshi mkono wa kushoto unavyozuia kipande kisicheze wakati wa kulia unazungusha spana. Mwaka 2007, Tim Höffler na Detlev Leutner wa Ujerumani walijumlisha matokeo ya tafiti 26 zilizolinganisha picha zinazotembea na picha tuli. Zinazotembea zilifundisha vizuri zaidi, na faida yake ilikuwa kubwa hasa mtu alipojifunza kutenda kwa mikono.

Hata hivyo, kutembea huko huko ndiko kunakomchosha mwanafunzi. Kumbukumbu tunayoitumia kufikiri hubeba mambo machache tu kwa wakati mmoja. Ndiyo msingi wa nadharia ya mzigo wa akili aliyoijenga John Sweller wa Australia. Anayehangaika kushika hatua ya tatu hupitwa na ya nne. Kwa hiyo video ya kiwandani ikatwe vipande vifupi, kila kimoja na hatua yake, na mfanyakazi aweze kuisimamisha na kuirudisha mwenyewe.

Kamera ikae wapi? Mwaka 2017, Logan Fiorella na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanyika katika maabara mbili. Wanafunzi wa chuo kikuu walitazama video ya kuunganisha saketi ya umeme yenye vipande 8. Wengine waliona mikono kama mfanyaji mwenyewe anavyoiona. Wengine waliitazama kutoka upande wa mbele. Wa kundi la kwanza waliunganisha saketi kwa usahihi zaidi. Kamera ikimkabili fundi, kulia kwake huwa kushoto kwa mtazamaji, na akili hulazimika kuigeuza picha kabla ya kujifunza chochote.

Hatari kubwa zaidi ni kujiamini kupita kiasi. Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chicago walionyesha mwaka 2018 kwamba waliotazama mara nyingi video ya kuchomoa kitambaa chini ya vyombo vya mezani waliamini wangeweza kufanya hivyo. Katika stadi nyingine ambazo watu walizijaribu kweli, waliotazama mara nyingi hawakuwazidi waliotazama mara moja. Katika jaribio jingine, kujiamini huko kulipungua watu waliposhika tu vifaa vya mchezo wa kurusha na kudaka walioutazama. Uzito wa kitu mkononi uliwafundisha lisiloonekana kwenye kioo.

Haya yanatuhusu. Thika nchini Kenya na Kibaha nchini Tanzania kuna viwanda vinavyounganisha magari kwa vipuri vinavyoletwa kutoka nje. Video bora kwa mfanyakazi mpya wa huko ni ile iliyopigwa kwenye meza yake ya kazi, juu ya bega la fundi mzoefu, kwa Kiswahili, hatua moja moja, huku vifaa vikiwa tayari ili ajaribu kila hatua mara baada ya kuiona. Cheti kisitolewe kwa kumaliza kutazama. Kipimo kiwe kipande kilichounganishwa sawasawa mbele ya mkufunzi, kwa sababu gharama ya bolti iliyolegea italipwa na mtu atakayekanyaga breki za gari hilo barabarani.