Kabla ya simu za kamera, katuni za Sem ziliwaumbua mastaa wa Paris

Leo staa akiingia mgahawani usiku, picha yake inaweza kuzunguka mitandaoni kabla hata hajaagiza chakula. Paris ya miaka ya 1900, kazi hiyo iliangukia kwa wachora katuni. Aliyetamba zaidi alijiita Sem.

Sem ni nani?

Jina lake halisi ni Georges Goursat, Mfaransa aliyezaliwa Périgueux mwaka 1863. Alihamia Paris mwaka 1900, na mwaka huohuo akatoa albamu ya katuni za vigogo waliohudhuria mbio za farasi. Ghafla jiji zima likamjua.

Kwa nini Maxim's?

Mgahawa huu wa mtaa wa Rue Royale ulifunguliwa mwaka 1893. Usiku ndipo palichangamka: matajiri, waigizaji, na warembo waliogharamiwa na wanaume wenye fedha. Mcheza dansi Caroline Otero alikula bata hapo. Mrusha ndege wa Brazil, Alberto Santos-Dumont, naye alikuwa mteja, na alikuwa rafiki wa Sem.

Kwa nini wasipigwe picha tu?

Enzi hizo, kupiga picha ndani usiku kulihitaji kulipua unga wa magnesiamu. Mwanga mkali, moshi, kila mtu anashtuka. Mwenye kalamu hakumshtua mtu: anatazama, anakariri, kisha anachora.

Uzisomeje katuni hizi?

Usiishie kwenye pua na kitambi. Angalia mtu anavyosimama, anavyoinamia meza, na nani anamtazama nani. Sem alitumia mistari michache, lakini mgongo tu ulitosha kumtambulisha mtu.

Hapo ndipo palipouma. Ukiwa na pesa ulipata meza nzuri, shampeni na vito. Lakini wino ulionyesha uzee uliofichwa na poda, na majivuno yaliyofichwa na suti. Na bado kuchorwa na Sem kulikuwa dalili kwamba wewe ni mtu wa kuhesabika mjini.

Baadaye ikawaje?

Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, starehe zile zilikatika. Sem akageukia mabango ya kuwahimiza wananchi waikopeshe serikali fedha za vita. Alifariki mwaka 1934. Katuni zake zimebaki kumbukumbu ya namna matajiri wa Paris walivyoishi kabla mambo hayajabadilika.