Udhibiti wa Mahali Panapotokea Vidirisha vya Mazungumzo katika Programu za Kompyuta: Maelezo kwa Mfano wa Ofisi ya Shule Maneromango

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mahali pa kidirisha cha mazungumzo panavyoamuliwa katika programu ya kompyuta, na sababu zinazofanya kidirisha kijifiche au kitokee nje ya skrini. Hoja kuu ni kwamba mahali pa kidirisha hapapaswi kuchukuliwa kuwa namba ya kudumu, bali uhusiano baina ya kidirisha, dirisha linalokimiliki na skrini zilizopo wakati huo. Maelezo yanajengwa juu ya mfano wa kubuni wa ofisi ya shule Maneromango, wilayani Kisarawe.

1.0 Utangulizi

Kidirisha cha mazungumzo ni dirisha dogo ambalo programu hulifungua ili kumuuliza mtumiaji swali, kumpa onyo au kumtaka ajaze taarifa fulani. Vidirisha hivi vimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni vidirisha visivyozuia, ambavyo humruhusu mtumiaji kuendelea na kazi katika dirisha kuu. Mfano wake ni kidirisha cha kutafuta neno katika waraka. Kundi la pili ni vidirisha vizuizi, ambavyo hulifanya dirisha kuu lisipokee amri yoyote hadi swali lijibiwe. Kundi hili la pili ndilo linalolipa suala la mahali uzito wake, kwa kuwa kidirisha kizuizi kisichoonekana huifanya programu nzima ionekane imekufa, ilhali iko hai na inasubiri jibu.

Chukulia mfano wa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya Maneromango, anayetunza alama za wanafunzi katika kompyuta mpakato. Siku ya kikao anaipeleka Kisarawe mjini, yalipo makao makuu ya wilaya, na kuiunganisha na projekta ili wajumbe waone matokeo. Projekta inapangwa kuwa skrini ya pili, upande wa kulia wa skrini ya kompyuta. Mwalimu anakiburuta kidirisha cha kuhifadhi hadi kwenye projekta, anakifunga, na programu inakariri mahali hapo. Anaporejea Maneromango, projekta haipo. Anabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Haoni chochote, na dirisha kuu halipokei tena amri. Akidhani kompyuta imekwama, anaizima kwa nguvu, na alama zote alizoingiza tangu asubuhi zinapotea.

Katika mfano huu mwalimu hakukosea, wala kompyuta haikuharibika. Kosa limo katika namna programu ilivyoandikwa.

2.0 Skrini na Vipimo Vyake

Mahali pa dirisha hutajwa kwa namba mbili zinazohesabiwa kwa pikseli. Katika Windows, kona ya juu kushoto ya skrini kuu ndiyo sifuri. Namba ya kwanza huongezeka kuelekea kulia na ya pili huongezeka kuelekea chini, tofauti na grafu za darasani ambazo mhimili wake wa wima huongezeka kuelekea juu.

Skrini ya kompyuta mpakato yenye pikseli 1366 kwa 768 huishia kwenye pikseli ya 1365 upande wa kulia. Skrini ya pili ikiwekwa kulia huanzia 1366, na ikiwekwa kushoto hupewa namba hasi. Kwa hiyo, kidirisha kilichokaririwa kuwa mahali (1500, 200) kilikuwa mahali halali Kisarawe, lakini Maneromango namba hiyohiyo inaelekeza mahali pasipokuwepo.

Aidha, si skrini yote iliyo wazi kwa matumizi. Upau wa kazi huchukua sehemu yake, na eneo linalobaki ndilo huitwa eneo la kazi. Hesabu za mahali pa kidirisha zinapaswa kufuata eneo hilo, vinginevyo vitufe vya chini vinaweza kufunikwa na upau.

3.0 Njia za Kuamua Mahali

Kuna njia nne zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kuuachia mfumo endeshi uamue. Ya pili ni kukiweka kidirisha katikati ya skrini. Ya tatu ni kukiweka katikati ya dirisha lililokifungua. Ya nne ni kukirejesha mahali ambapo mtumiaji alikiacha.

Njia ya tatu ndiyo inayofaa kwa vidirisha vizuizi vingi, kwa sababu macho ya mtumiaji tayari yako katika dirisha hilo. Hesabu yake ni nyepesi: upana wa kidirisha hutolewa katika upana wa dirisha kuu, tofauti hugawanywa kwa mbili, kisha hujumlishwa na mahali dirisha kuu linapoanzia. Dirisha kuu lililo mahali (200, 100) lenye upana wa 800 na kimo cha 500, likifungua kidirisha chenye upana wa 400 na kimo cha 200, kidirisha hicho kitaanzia (400, 250).

Zana nyingi za kuandikia programu hufanya hesabu hii zenyewe. Katika Java, amri ya setLocationRelativeTo hukiweka kidirisha katikati ya dirisha linalotajwa. Lisipotajwa dirisha lolote, kidirisha huwekwa katikati ya skrini. Katika Windows Forms, sifa ya StartPosition hupewa thamani ya CenterParent. Hata hivyo, mpangilio wa amri una maana. Katika Java, amri ya pack inayokadiria ukubwa wa kidirisha inapaswa kutangulia. Mahali pakihesabiwa kabla ya ukubwa kujulikana, kidirisha hutokea upande.

Suala la ukubwa linagusa pia lugha. Mwaka 2004, mradi wa KiLinux uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Katika tafsiri ya namna hiyo urefu wa maneno hubadilika, na upana wa vitufe hubadilika nao. Kwa hiyo, programu inayotarajiwa kutumika kwa Kiswahili haipaswi kuwa na vidirisha vyenye vipimo vilivyopangwa kwa kufuata maneno ya lugha nyingine.

4.0 Umiliki wa Kidirisha

Kuweka kidirisha katikati hakutoshi iwapo kidirisha hicho hakina mmiliki. Katika Windows, dirisha linalomilikiwa hukaa daima juu ya mmiliki wake, na hufichwa pamoja naye anapopunguzwa. Kidirisha kisicho na mmiliki kinaweza kufunikwa na dirisha kuu, kikaendelea kusubiri jibu bila kuonekana. Kwa sababu hiyo, mwandishi wa programu anapaswa kumtaja mmiliki kila anapofungua kidirisha kizuizi.

5.0 Ukaguzi wa Mahali Palipokaririwa

Kukariri mahali si kosa, ila ni sharti pakaguliwe kabla ya kutumika. Kwanza, programu iuulize mfumo endeshi ni skrini zipi zilizopo sasa. Pili, ilinganishe eneo la kidirisha na maeneo ya kazi ya skrini hizo. Tatu, kidirisha kisipoonekana chote, kisogezwe ndani. Katika mfano wa Maneromango, kidirisha chenye upana wa 400 kwenye skrini ya 1366 hakiwezi kuanzia mbali zaidi ya 966. Hivyo (1500, 200) hubadilishwa kuwa (966, 200), na mwalimu anakiona.

Ukaguzi huu una mipaka yake. Katika mifumo ya Linux inayotumia Wayland, programu ya kawaida hairuhusiwi kujipangia mahali kwenye skrini. Programu humtaja mmiliki wa kidirisha, na mfumo ndio huamua. Jambo hili linaongeza uzito wa umiliki uliojadiliwa katika sehemu ya 4.0.

Kwa mtumiaji ambaye tayari amekwama katika Windows, ni vema asiizime kompyuta. Akibonyeza Esc, mara nyingi kidirisha kilichojificha hufungwa na dirisha kuu huanza tena kupokea amri. Akitaka kukirudisha, abonyeze Alt pamoja na kitufe cha nafasi, kisha herufi M ikiwa Windows yake ni ya Kiingereza, halafu vishale hadi kidirisha kiingie kwenye skrini.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa kidirisha hupotea pale programu inapodhani kwamba skrini ya jana ndiyo ya leo. Dhana hiyo haifai kwa kompyuta inayosafiri kati ya kijijini na makao makuu ya wilaya. Mambo matatu yanatosha kuondoa tatizo: kidirisha kiwe na mmiliki, ukubwa ujulikane kabla ya mahali, na mahali palipokaririwa pakaguliwe upya kila kinapofunguliwa. Hiyo ni mistari michache ya programu, na kwa mwalimu wa taaluma ni kazi ya siku nzima iliyookolewa.