Bitcoin haimfichi mnunuzi wa mateso ya mtoto

Kila ninapozungumza na wazazi kuhusu biashara ya video za watoto wanaodhalilishwa kingono, swali ni lilelile: "Si wanalipana kwa bitcoin? Polisi watamjuaje mtu?" Nimechoka kulisikia. Linawapa wahalifu kinga wasiyo nayo, na linamfanya mzazi aone hakuna haja ya kuripoti.

Bitcoin si pesa ya siri. Kila malipo huandikwa kwenye leja ya wazi ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma, na kilichoandikwa humo hakifutiki. Kinachokosekana ni jina tu. Jina nalo hupatikana pale sarafu inaponunuliwa au kugeuzwa pesa ya kawaida, kwa kuwa masoko mengi ya sarafu hizo hudai kitambulisho, namba ya simu na akaunti ya benki.

Ndivyo ilivyoanguka Welcome to Video, tovuti ya mtandao wa giza iliyouza video za watoto wanaodhalilishwa, iliyoendeshwa kutoka Korea Kusini tangu 2015. Kila mteja alipewa anwani yake ya malipo. Wapelelezi wa mamlaka ya kodi ya Marekani (naam, watu wa kodi!) waliyafuata malipo hayo moja baada ya jingine. Yaliwafikisha kwa wanunuzi, na kwa mwendeshaji mwenyewe, aliyepokea fedha kwenye akaunti yenye jina lake. Hata huo mtandao wa giza haukumsitiri, maana anwani halisi ya seva ilisomeka ndani ya msimbo wa ukurasa. Machi 2018, polisi wa Korea wakishirikiana na wa Marekani na Uingereza waliikamata seva nyumbani kwake, ikiwa na takriban terabaiti 8 za video. Kufikia Oktoba 2019, watumiaji 337 walikuwa wamekamatwa katika nchi 38, zikiwemo Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Watoto wasiopungua 23, waliokuwa bado mikononi mwa watesi wao, waliokolewa. Tovuti ingezimwa tu bila kuwafuata wanunuzi, watoto hao wangebaki humo humo.

Kwa hiyo, ripoti. Ukikutana na picha au video ya namna hiyo usiitume kwa yeyote, hata kwa nia ya kuonya. Andika kiungo, tarehe na jina la akaunti, kisha piga 116, iwe Tanzania, Kenya au Uganda, au nenda polisi. Kwa Tanzania, Dawati la Jinsia na Watoto. Mwanao akitishiwa alipe ili picha zake zisisambazwe, msilipe, msifute ujumbe wa vitisho, wala usimfokee.