Kutoka gari la waya hadi gari la vipimo

Siku ya soko hapa Mahoko, kando ya barabara ya kwenda Gisenyi, utawaona watoto wakisukuma magari ya waya. Bodi ni kopo la sardini, na magurudumu yamekatwa kwenye ndala zilizochakaa. Mtoto hakufundishwa na mtu. Aliona gari likipita, akalikariri.

Wazazi wengi husema huko ni kupoteza muda, na mtoto akikua kidogo huambiwa aache. Huko Marekani kazi kama hiyo hufanywa na watu wazima, nao hulipana fedha nzuri kwa gari dogo lililotengenezwa kwa oda. Miongoni mwa yanayopendwa ni stesheni wagoni za zamani, yale magari marefu yenye mlango wa nyuma.

Jina hilo lina asili yake. Magari hayo yalichukua abiria na mizigo yao kutoka stesheni ya treni, na bodi zake zilikuwa za mbao. Mwaka 1946 kampuni ya Willys ilitoa ya bati, ikaipaka rangi ifanane na mbao. Chevrolet Nomad ya milango miwili ikafuata mwaka 1955. Ford Country Squire, iliyoanza mwaka 1950, iliendelea kubandikwa mapambo ya kuiga mbao mpaka ilipoondolewa sokoni mwaka 1991.

Kwetu sisi gari la namna hiyo lilikuwa Peugeot 404 au 504. Mfanyabiashara wa mpakani hana haja ya kuelezwa: watu wamebanana ndani, magunia juu ya keria. Zipo familia zilizorejea kutoka ugenini ambazo gari lao liliuzwa zamani, ikabaki picha tu. Mteja wa namna hiyo hatafuti gari lolote. Anataka lile la baba yake, pamoja na keria yake na taa iliyovunjika.

Kazi hiyo haitoshi kufanywa kwa macho. Wamarekani wengi hutumia kipimo cha 1 kwa 25, yaani sentimita 1 ya gari dogo ni sawa na sentimita 25 za gari lenyewe. Nomad ya mwaka 1955 ilikuwa na urefu wa mita 5 hivi, kwa hiyo gari dogo litakuwa na sentimita 20. Peugeot 504 ya familia, yenye mita 4.80, itatoka sentimita 19.2.

Na kama kuna picha tu? Itafutwe iliyopigwa ubavuni. Kwenye 504 hiyo, toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma ni mita 2.90. Ikiwa pichani umbali huo ni sentimita 5.8, basi kila sentimita ya picha ni nusu mita ya gari, na itakuwa sentimita 2 za gari dogo. Kwa njia hiyo utapata mlango, dirisha na keria. Hii ni hesabu ya uwiano, ile ile inayowachosha watoto darasani.

Vifaa vipo. Anza na boksi gumu, ukate na kurekebisha, ndipo uhamishie kwenye kopo. Sakafu iwe ya mti mwepesi uliopigwa msasa. Anayetaka Country Squire atapata mapambo yake kwenye maganda makavu ya mgomba.

Ufundi si mgeni huku. Jirani yetu Nyundo kuna shule ya sanaa, na Goma wameijengea chukudu sanamu, kwa kuwa chombo hicho cha mbao kimelisha familia nyingi. Mtoto wa Mahoko anahitaji rula, na mtu mzima wa kumwagiza kazi ya kwanza.

Jambo moja lisicheleweshwe. Picha nyingi za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, na rula haiwezi kutoa rangi. Rangi ya gari lile anaikumbuka mama, shangazi au mjomba aliyepanda ndani yake. Aulizwe sasa, angali nasi.