Akija mgeni kutoka Pemba akiuliza kwao Ufipa, ataanzia wapi?

Tulipozungumzia vizazi vya watumwa kwenye kipindi, ujumbe uliingia mwingi kuliko muda tuliokuwa nao. Msikilizaji mmoja wa mwambao wa Kirando aliuliza: mtu ambaye babu wa babu yake alichukuliwa huku zaidi ya miaka mia moja iliyopita, atajuaje kijiji? Mwingine aliuliza kwa ufupi zaidi: na akikijua, atadai shamba? Maswali yote mawili ni ya haki. Haya hapa maelezo ambayo redioni hayakutosha.

Tuanze na Wakwekeri, kwa sababu jina hilo liliwachanganya wengi. Ni Wakristo walioanza Uingereza katikati ya karne ya 17, wenyewe hujiita Marafiki. Jirani zetu Wakenya wanawafahamu vizuri, maana Marafiki walifungua misheni Kaimosi mwaka 1902 na leo Kenya ina Wakwekeri wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hawa ndio waliokuwa wa mwanzo kati ya Wazungu kusema kwa pamoja kwamba kumiliki mtu ni dhambi. Mwaka 1688 watu wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka wa kupinga utumwa. Haikuwa rahisi, kwani Wakwekeri wenzao wengi walikuwa na watumwa majumbani, na ilichukua mpaka 1776 mkutano wao mkuu wa Philadelphia kuwakataza kabisa waumini wake kumiliki watumwa. Mwaka 1787 ilipoundwa kamati ya London ya kupiga vita biashara hiyo, wajumbe waanzilishi walikuwa 12, na tisa kati yao walikuwa Wakwekeri.

Sasa wanahusianaje na sisi wa huku juu? Kiungo ni Pemba.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wakataka watu wa kupanda na kuchuma. Mwaka uliofuata Sultani Barghash alisaini mkataba na Waingereza na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Lakini mashamba hayakufungwa. Watu waliendelea kuvushwa usiku kwa majahazi kutoka pwani ya bara kwenda Pemba. Biashara hiyo ilikuwa na mabavu kiasi kwamba Desemba 1881 nahodha wa manowari ya Uingereza, Charles Brownrigg, aliuawa akipambana na jahazi lililobeba watumwa.

Huku bara njia zilikuwa mbili kubwa. Moja ya kusini, kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Nyingine ni ile ya Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, na hiyo ndiyo iliyotugusa zaidi. Mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika ulikuwa na vituo vya wafanyabiashara, Kirando kikiwemo. Mtu alichukuliwa vitani, au alitekwa njiani akienda kuchota maji, au aliwekwa rehani kwa deni la ukoo na deni halikulipwa. Hili la tatu hatupendi kulisema. Waliouza hawakuwa wageni peke yao, na mjukuu wa aliyewekwa rehani akija leo kuuliza, atakuwa anauliza pia nani alimtoa. Mzee atakayekaa naye ajiandae kwa swali hilo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani wa Zanzibar, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Haikuwa kwamba asubuhi yake wote waliamka huru. Mtu alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe uhuru wake, na bwana wake alipwe fidia. Masuria hawakuhesabiwa, walichukuliwa kama wake wa nyumbani, mpaka 1909 ndipo nao wakaingizwa. Marafiki wa Uingereza walilalamikia sana mwendo huo wa kinyonga.

Na hawakuishia kulalamika. Mwaka huohuo wa 1897 Mkwekeri aitwaye Henry Stanley Newman alifika Zanzibar na Pemba, na Marafiki wakapata shamba la mikarafuu mahali paitwapo Banani, karibu na Chake Chake. Walioachwa huru waliweza kufanya kazi pale kwa ujira, na shule ikafunguliwa. Mwaka 1898 Newman alitoa kitabu alichokiita kwa jina la shamba hilo, Banani. Theodore Burtt ndiye aliyeiongoza misheni hiyo kwa miaka mingi.

Kwa mtafuta kwao, faida kubwa ya Wakwekeri ni moja tu: waliandika. Barua za kila mara, taarifa kwa kamati yao, majina ya wafanyakazi, habari za mtu aliyetoroka shamba fulani akaja kwao. Karatasi hizo zimehifadhiwa kwenye maktaba ya Marafiki iliyopo Friends House, barabara ya Euston, London. Upande wa serikali, nyaraka za maofisa na mahakama za wakati ule zipo Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, mjini Unguja. Mjukuu wa mtu aliyepitia Banani ana mahali pa kuanzia. Mjukuu wa mtu aliyebaki shambani kwa bwana wake bila kwenda mahakamani, na hao walikuwa wengi, kazi yake ni ngumu zaidi.

Lakini hata aliye na karatasi mkononi asifurahi mapema. Kuna mitego mitatu, na wa kwanza ni jina.

Mtumwa alipofika pwani alipewa jina jipya. Mabruki, Feruzi, Almasi, Baraka, Bahati, Songoro, Juma. Mwanamke aliitwa Faida, Tufaha, au neno lolote lililompendeza bwana. Jina alilopewa na bibi yake huko nyumbani halikuandikwa popote. Mtoto wake aliyezaliwa Pemba akaitwa Fulani bin Mabruki, na hapo ukoo ukaonekana kama umeanzia kwenye jahazi.

Mtego wa pili ni kabila. Makarani na mabwana hawakuwa na haja ya kujua tofauti ya Mfipa na Mmambwe au Mbende na Mrungwa. Aliyekuja kwa njia ya kusini aliitwa Mnyasa. Aliyetoka magharibi ya mbali, ng'ambo ya Tabora, kirahisi aliitwa Mmanyema, hata kama hajawahi kuiona Manyema. Kwa hiyo mtu wa Pemba anayesema "sisi asili yetu Wamanyema" anaweza kuwa anatafuta Kongo miaka yote wakati kwao ni Kala au Wampembe. Anaweza pia kuwa Mmanyema kweli. Neno hilo peke yake halitoshi kuamua.

Wa tatu ni ramani. Kwenye ramani za Wajerumani hutaiona Kasanga, utaona Bismarckburg. Mbala, hapo ng'ambo ya mpaka, iliitwa Abercorn. Ziwa Rukwa lenyewe Joseph Thomson alipolifikia mwaka 1880 akalibandika jina la mfalme wa Ubelgiji, Leopold. Nimekaa na wazee wanaojua kila kilima kuanzia Namanyere hadi ziwani, nikawasomea majina hayo ya ramani, wakanitazama kama nimechanganyikiwa.

Mtu mmoja mnayemjua wote, angalau kwa jina, anaonyesha jambo gani hasa humsaidia aliyepotezwa. Hospitali ya Dkt. Atiman pale Sumbawanga imeitwa kwa jina la Adrian Atiman. Wengi hudhani alikuwa Mzungu, au mwenyeji wa huku. Alizaliwa Tindirma, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, Mapadre Weupe wakamnunua ili wampe uhuru. Walimsomesha uganga huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kwenye ngome ambayo Wabelgiji waliijenga 1879 na kuwakabidhi mapadre 1885. Alioa hapo, mwanawe mmoja akawa padre, akatibu watu mpaka alipofariki 1956. Miaka 67 Karema.

Atiman alipoeleza maisha yake, maelezo yaliyochapishwa wakati wa mkoloni Mwingereza, aliweza kutaja kijiji. Alichukuliwa akiwa na umri wa kukumbuka. Tindirma ipo mpaka leo, na kizazi chake kina neno la kutafuta kwenye ramani. Mtoto wa miaka mitatu au minne aliyechukuliwa Ufipa akafikishwa Pemba hakuwa na neno hilo. Alikuwa na "mama" na "nyumbani".

Mfano mwingine uko jirani kabisa. Kule Kawimbe, wilaya ya Mbala, waliishi watu wa misheni ya London waliopokea watumwa waliookolewa kwenye misafara. Mmoja alikuwa msichana aitwaye Meli, aliyetekwa mdogo na kuuzwa kabla ya kufikishwa hapo. Kisa chake kilihifadhiwa na watu wa kizazi chake, na mwanahistoria Marcia Wright akakitoa katika kitabu mwaka 1993 pamoja na visa vya wanawake wengine wa ukanda huu kati ya Nyasa na Tanganyika. Wanawake walikuwa wengi sana katika mateka wa huku, na hilo lina uzito kwa Wafipa, kwa sababu uluko wetu unahesabiwa upande wa baba na upande wa mama pia. Anayetafuta kwa bibi yake mzaa mama ana haki ya kusikilizwa sawa na anayetafuta kwa babu.

Mtaniuliza kuhusu vipimo vya vinasaba, vile vya kutemea mate kwenye kichupa. Wamarekani weusi wengi wanavitumia. Kipimo hulinganisha mate yako na ya watu waliokwisha kupimwa. Kama kwenye hifadhi ya kampuni hakuna watu wa Nkasi au Kalambo, jibu litasema Afrika Mashariki, basi. Kinafaa pale ambapo binamu wa mbali naye amepima. Kijiji hakitajwi na mate.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu haiko London wala maabara. Iko huku, na inapungua kila msiba wa mzee. Mambo yanayomsaidia mgeni ni yale tunayoyaona ya kawaida: jina la mahame na nani alikaa hapo. Wakati wa operesheni ya vijiji miaka ya 1970 watu wetu wengi walihamishwa, kwa hiyo kijiji cha leo si lazima kiwe pale walipochukuliwa watu karne ya 19. Mzee anayejua kwamba mahame fulani yalikuwa ya watu wa fulani kabla ya Vijiji vya Ujamaa ana karatasi isiyopatikana Kilimani. Hali kadhalika yale malungu ya kuyeyushia chuma, matanuri marefu ya udongo ambayo mengine bado yamesimama vichakani. Simulizi ya kwetu kwamba mhenga alikuwa mfua chuma, au mfumaji wa nguo za pamba, ikioanishwa na mahali palipo na malungu, inapunguza eneo la kutafuta. Jambo lingine ni kama wahenga walikuwa upande wa Nkansi au wa Lyangalile, maana tawala zilikuwa mbili na vita vyake vilikuwa tofauti. Na kama ukoo wenu una hadithi ya mtu "aliyepotea na msafara", msiifiche kwa aibu. Huyo ndiye anayetafutwa.

Mkikaa na wazee, rekodini kwa simu. Mzee aanze kujitaja jina, kijiji, na aliyemsimulia. Majina ya Kifipa yasemwe kama yanavyotamkwa, mtu asiyatafsiri. Vitabu vya ubatizo vya parokia kongwe kama Karema na Kirando navyo vina majina ya watu na wazazi wao. Ombeni ruhusa kwa paroko kwa heshima, msiende na kamera kwanza.

Upande wa mgeni, asipokelewe na umati. Apelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa wazee wa ukoo unaotajwa. Asiulizwe mbele za watu babu yake alikuwa mtumwa wa nani. Na sisi tusimpe ukoo kwa sababu ametuletea soda. Mtu akiambiwa uongo wa kumfurahisha, atajenga kaburi la ukumbusho kwa watu wasio wake, na kizazi chake kitaacha kutafuta.

Sasa shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Kuonyesha kwamba babu wa babu yako alizaliwa hapa hakukupi ekari hata moja. Mtanzania kutoka Pemba akitaka kuhamia na kulima, anaomba kwenye halmashauri ya kijiji kama Mtanzania mwingine yeyote, na maombi yake yanaweza kukataliwa. Asiye raia ana masharti magumu zaidi. Kwa hiyo anayeogopa kwamba kumtambua ndugu ni kupoteza konde lake, hana sababu ya kuogopa. Wengi wanaofanya safari hizi huomba kitu kidogo zaidi: waonyeshwe mlima ambao mama yule alikuwa akiuona akitoka mlangoni asubuhi, na waambiwe unaitwaje.