Je, Wajua? Imani ya Rungwe kabla ya kanisa

Wamisionari Wamoraviani kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Theodor Meyer, walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891. Walikuta wenyeji, Wanyakyusa, wana imani yao, yenye viongozi, matambiko na miiko.

• Lubaga, karibu na Tukuyu, aliishi Lwembe, mtawala aliyeaminiwa kuwa na nguvu juu ya mvua na rutuba ya mashamba. Hata watu wa himaya nyingine walimpelekea sadaka.

• Cheo cha Lwembe kiliogopwa. Lwembe hakuachwa afe kwa maradhi: akizidiwa, wazee walimziba pumzi, kwa kuamini kwamba udhaifu wake ungeidhuru nchi nzima. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, waliandika habari hizi.

• Kyala, shujaa wa kale katika imani ya Wanyakyusa, alitambikiwa katika pango kando ya Ziwa Nyasa. Wamisionari walilichukua jina lake kumtaja Mungu wa Biblia, na hadi leo Wakristo wanaosali kwa Kinyakyusa humwita Mungu Kyala.